Kinyozi wa Wodi ya Mifupa

Mtu akivunjika mguu hulala chali, na akilala chali wiki sita, ndevu hazimsubiri apone. Hilo ndilo lililompa Mzee Povu kazi ya hospitali.

Zamani alikuwa kinyozi wa mtaani tu, mwenye kiti kimoja na kioo kilichopasuka pembe, mpaka kaka yake mkubwa alipoteleza kwenye ngazi akavunjika nyonga. Povu alipokwenda kumwona alimkuta amekwisha kujikatia tamaa: mashavu yamebonyea, ndevu zimesokotana, ukimsemesha anatazama ukutani. Kesho yake alirudi na mfuko wa kazi, akamtandikia shuka kifuani, akamnyoa palepale kitandani bila haraka. Alipomshikia kioo, kaka mtu alijitazama kitambo, kisha akauliza chakula kiko wapi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nne. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akasema, "Na sisi wengine tuna kosa gani?" Povu akamnyoa naye. Wa tatu alinyoosha shingo tu.

Kaka akapona, akaenda zake. Mdogo mtu akabaki, miaka kumi na tisa.

Hospitali ilimpa koti jeupe lililombana makwapani, na kitambulisho chenye picha ambayo mwenyewe alisema siku wakitafuta mwizi wataanza na yeye. Kila Jumanne na Ijumaa asubuhi alizunguka wodi ya mifupa ya wanaume, vitanda kumi na viwili, kuanzia mlangoni hadi dirishani. Siku nyingine aliitwa kumnyoa paja au goti mgonjwa anayeandaliwa kwa upasuaji.

Jina la Povu alipewa na wagonjwa. Alikuwa na kikombe cha bati na brashi ya mpini wa mti, yenye manyoya mengi laini, aliyoachiwa na fundi aliyemfunza kazi. Akikoroga sabuni mle, povu lilisimama kama kilima, na likigusa shavu likiwa na joto lake, mgonjwa alifumba macho bila kuambiwa. Wengine walisema jina hilo linamfaa kwa sababu mdomo wake nao hautulii. Alijua nani kapata mjukuu, nani kagombana na shemeji yake, daktari gani ana mkono mwepesi. Yeye mwenyewe alikuwa na ndevu za siku tatu kila siku ya Mungu. Akiulizwa alijibu kwamba kinyozi hajinyoi, na mkewe bado hajajifunza.

Jambo moja tu hakulifanyia mzaha, nalo ni wembe. Alianza kazi miaka ile watu walipoanza kuogopa damu kwa ajili ya ukimwi, na tangu hapo kila mtu alimfungulia wembe mpya mbele ya macho yake, na akimaliza aliutumbukiza kwenye kopo lenye mfuniko. Ukitaka kumuudhi, umuulize kama wembe ni mpya.

Mwaka wa mambo haya, rafiki yake mkubwa wodini alikuwa Mwalimu wa kitanda cha tano. Alikuwa mstaafu wa hesabu, aliyegongwa na pikipiki akivuka barabara, paja likavunjika vipande viwili, madaktari wakamtia chuma ndani ya mfupa. Mwalimu alikuwa mtu mkavu, hacheki ovyo, na aliwasahihisha wauguzi wanapokosea herufi kwenye faili lake. Walikuwa na mapatano: Povu asiseme neno mpaka amalize shavu la kushoto, la kulia ni ruksa. Kitanda cha saba alilala fundi mwashi, kijana wa miaka thelathini na mbili aliyeanguka na jukwaa, mwenye mke na watoto wawili. Katikati yao, kitanda cha sita, alikuwepo mzee mmoja mwenye ndevu zilizofika kifuani, ambaye kila Jumanne na Ijumaa aliinua kiganja kabla Povu hajafungua mdomo. Wote wakamwita Bwana Ndevu.

Mambo yalianzia kitanda cha pili. Aliletwa dereva wa lori kutoka hospitali nyingine, kidonda cha mguu kimemsumbua miezi mitatu. Alikuwa amekunywa vidonge vya kila rangi, vingine vya daktari, vingine vya kununua dukani, akiacha kila maumivu yalipopungua. Povu alimnyoa uso, na siku moja kabla ya upasuaji akamnyoa na mguu, kuzunguka kidonda chenyewe.

Baada ya majuma mawili mshono wa fundi mwashi ukaanza kutoa usaha. Akachomwa sindano za kawaida, homa haikushuka. Akabadilishiwa dawa, homa ikabaki palepale. Siku chache baadaye paja la Mwalimu likavimba na kuwaka moto. Halafu kitanda cha kumi na moja, kule dirishani.

Muuguzi mkuu wa wodi alikuwa mwanamke mrefu, mkali, mwenye kutembea kama aliyechelewa. Aliwakusanya wauguzi akawaambia kikulacho ki nguoni mwako. Akasimama kando ya sinki kwa saa nzima akiwahesabia mikono inavyooshwa. Akaamuru vitanda vifutwe kwa dawa mara mbili kwa siku, mapazia yavuliwe, ndugu wa wagonjwa wasikae vitandani. Povu naye alichangia kwa njia yake: aliona wodi imejaa huzuni, basi akaanza kuja na Jumapili pia. Aliwanyoa wenye homa kwanza, maana ndio waliohitaji zaidi kuburudishwa, kisha akaendelea na wengine.

Fundi mwashi alifariki Jumatano alasiri. Vijidudu vilikuwa vimeingia kwenye damu, na dawa moja iliyobaki ya kuviua, iliyoagizwa kutoka bohari kuu, ilifika figo zikiwa zimeshakata tamaa. Mkewe alipokuja kuchukua mfuko wa nguo alimkuta Povu kwenye korido. Akamwomba amnyoe marehemu kabla hajatoka, kwa kuwa mume wake alikuwa akimsimulia jinsi anavyonyolewa kila akija kumtazama. Povu alimnyoa kwa utaratibu uleule, povu la moto, wembe mpya, bila kusema neno mpaka mashavu yote mawili yakaisha. Mjane akamshika mikono kwa mikono yake miwili, akamshukuru.

Wiki iliyofuata alikuja dada wa maabara. Alikuwa mwembamba, miwani mikubwa, sauti ya chini, amebeba sanduku la vijiti vyenye pamba nchani. Alifuta pamba kwenye kingo za vitanda, bomba, meza za dawa, vipimio vya presha, viganja vya wauguzi na vya madaktari. Kisha akachora ramani ya wodi kwenye karatasi, akaukalia muda mrefu ule mchoro. Kilichomsumbua ni kwamba ugonjwa ulikuwa unaruka. Ungekuwa wa kuambukizana jirani kwa jirani, Bwana Ndevu angekuwa wa kwanza kuugua, kwa kuwa alilala katikati ya wagonjwa wawili, naye ana mshono mkubwa kuliko wote. Lakini kidonda chake kilikauka kikawa safi kabisa. Na wodi ya wanawake, ukuta mmoja tu toka pale, yenye wauguzi walewale na mafundi walewale wa kufunga vidonda, haikuwa na mgonjwa hata mmoja.

Akamuuliza muuguzi mkuu: kuna nini wanachofanyiwa wanaume wote hapa, ambacho wanawake hawafanyiwi wala mzee huyu hafanyiwi?

Muuguzi mkuu aligeuka polepole akaitazama wodi. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na Povu alikuwa kitanda cha tatu, akikoroga.

Dada wa maabara alimsubiri amalize. Akamwomba kwa adabu zote amruhusu amfute pamba puani na mikononi, na amwazime brashi, kikombe na lile shuka. Povu akacheka, akamwambia mwanangu, pua hii ina miaka sitini na miwili, utakayoyakuta humo usimwambie mtu. Akampa vyote. Akaenda nyumbani mapema, akamsimulia mkewe kama kichekesho.

Jumatatu aliitwa maabara. Dada yule alimwekea kiti, akafunga mlango, naye akaketi. Mezani palikuwa na visahani vitatu vya plastiki vyenye mfuniko, ndani yake madoa madogo ya manjano yameota kama ukurutu.

"Mzee wangu," alisema, "hiki ni cha kidonda cha Mwalimu. Hiki ni cha brashi yako. Hiki ni cha pua yako. Ni mdudu mmoja."

Povu alivitazama. Alisema jambo la kwanza lililomjia. "Mimi nawabadilishia wembe, mwanangu. Kila mtu na wake. Waulize."

"Nimewauliza. Wembe wako ni safi. Brashi ndiyo inayokwenda kitanda hadi kitanda."

Akamweleza taratibu. Mdudu mwenyewe si mgeni; watu wengi wanatembea naye puani au kwenye ngozi na hawajui, hana neno mpaka apate mlango, na mshono ni mlango. Mkwaruzo wa wembe nao ni mlango, hata ule usioonekana kwa macho, ndiyo maana kunyoa mguu siku moja kabla ya upasuaji ni kumfungulia. Wa zamani alikufa kwa sindano ya kawaida. Huyu amekutana na dawa nyingi zilizoachwa katikati, wenzake dhaifu wakafa, yeye akabaki akazaa wa aina yake, na sasa dawa tatu za wodi anazila kama pipi. Amekuja na dereva, ambaye hakujua. Manyoya ya brashi yenye unyevu na joto yamekuwa nyumba yake, na maji ya moto ya kwenye kikombe hayana moto wa kumuua. Toka kwenye brashi ameingia mikononi mwa Povu, toka mikononi akapanda puani.

"Kwa hiyo fundi mwashi ni mimi," Povu alisema.

Dada wa maabara hakukubali wala hakukataa upesi. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti. "Miaka kumi na tisa," alisema, "hospitali hii haikumtuma mtu hata siku moja kuja kukutazama unavyofanya kazi. Hilo nimeliandika kwenye ripoti, tena juu kabisa."

Povu aliomba jambo moja, aione brashi ikichomwa. Walikwenda pamoja nyuma ya jengo la kufulia, mahali pa tanuri la taka. Mhudumu wa tanuri akaitupa motoni ikiwa ndani ya mfuko wake wa plastiki pamoja na taka nyingine. Harufu ya manyoya ilitoka kidogo, ikaisha.

Alipewa mafuta ya kupaka puani na sabuni maalumu ya kuogea, siku tano, na akaambiwa apumzike nyumbani mpaka vipimo vitatu vya wiki tatu vitoke safi. Kupaka mafuta kulikuwa rahisi. Kupumzika ndiko kulikomshinda. Alianza kulala kwenye kochi. Mjukuu wake wa miaka miwili akimkimbilia, yeye babu anainua mikono juu kama aliyeshikiwa bunduki. Akila, anabeba sahani yake mwenyewe kwenda kuiosha. Aliacha kusema. Mkewe, aliyemzoea miaka thelathini na minane akimkata kauli, siku ya nne alizima redio ili asikie kama bado anapumua.

Ndipo akamsimulia. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho akiwa anakunja nguo, na nguo zilipoisha akazikunjua akaanza upya. Hakumwambia si kosa lako. Angemwambia hivyo asingemwamini. Alimuuliza tu kama Mwalimu anajua.

"Sijui," Povu alisema.

"Basi asilisikie kwa mfagiaji."

Kipimo cha tatu kilipotoka safi, Povu alikwenda wodini bila koti na bila mfuko. Wakati huo Mwalimu alikuwa ametolewa chuma, mfupa umeoza, na mguu umekatwa juu ya goti. Walikuwa wamemhamishia chumba cha peke yake mwisho wa korido, mlangoni pamebandikwa karatasi ya kuwakumbusha watu wavae aproni na glovu. Povu alinawa, akavaa, akaingia. Ndevu za Mwalimu zilikuwa nyeupe tupu. Hakuna aliyewahi kuijua rangi yake, maana hazikuwahi kuachwa.

Povu alisema yote akiwa amesimama. Brashi, kikombe, shuka, pua, fundi mwashi. Alipofika kwenye mguu, alimalizia kwa kuonyesha kwa kidole pale ulipokuwa.

Mwalimu alivuta shuka akafunika mguu uliokatwa. Mshipa wa shingo ulikuwa unampiga. Mwishowe akasema, "Leo usiniombe kitu. Njoo Ijumaa." Akageukia ukutani.

Povu alitoka. Muuguzi mkuu aliyekuwa akipita alimwona ameegemea ukuta wa korido na glovu bado mkononi. Akamvua moja baada ya nyingine kama anavyovuliwa mtoto soksi, akazitupa kwenye pipa, akamsogeza hadi kwenye sinki.

Ijumaa alikwenda. Mwalimu alikuwa ameketi, mito miwili mgongoni, na daftari mapajani, kama bado kulikuwa na mapaja mawili. Daftari liliinamia upande mmoja akalishikilia kwa kiwiko. Alimwamuru aanze tena toka mwanzo, polepole. Kila hatua akauliza. Brashi ilikauka kwa saa ngapi kati ya Jumanne na Ijumaa? Shuka lilifuliwa lini? Mikono ilioshwa baada ya kila mtu, au baada ya wote? Povu alijibu kweli tupu, hata alipoona aibu. Baada ya wote, alisema. Mwalimu akaandika.

Alipomaliza akafunga daftari. "Nimekukasirikia wiki nzima," alisema. "Nitaendelea kukukasirikia. Lakini ulikuja ukaniambia. Daktari aliyenikata hakuniambia kitu, aliniambia tu matatizo yametokea." Akajipapasa kidevu, akaongeza, "Sasa tafuta namna ya kuninyoa. Naonekana kama nabii."

Namna ilitafutwa. Dada wa maabara, muuguzi mkuu na Povu walikaa kwenye ofisi ndogo yenye makabati hadi chai ikapoa mara mbili. Kunyoa kwa wembe kabla ya upasuaji kukaondolewa kabisa. Kazi hiyo ikahamia chumba cha upasuaji, kwa mashine yenye kichwa cha kutupwa, asubuhi ileile, tena pale tu nywele zinapozuia. Usoni, hakuna tena brashi wala kikombe. Sabuni ya kukamua kutoka kwenye tyubu, kitambaa safi cha kila mgonjwa kutoka stoo ya kufulia, wembe wa kutupwa mzimamzima. Mikono kusafishwa kabla ya kila mtu na baada ya kila mtu. Wenye vidonda vinavyotoa usaha waje mwisho.

Siku utaratibu huo ulipoanza, Povu alimnyoa Mwalimu wa mwisho. Sabuni ya kukamua haikuwa na joto, na Mwalimu alisema inafanana na kupakwa lipu. Povu hakuongea shavu la kushoto, na hata la kulia hakuongea. Mwalimu alimwambia mapatano ni mapatano, aseme. Povu akatafuta la kusema, akamweleza kwamba mjukuu wake sasa humkimbilia huku ameinua mikono juu, anadhani hivyo ndivyo babu anavyosalimiwa. Mwalimu alicheka mara moja, kavu, akarudi kwenye sura yake. Mwezi uliofuata aliruhusiwa kwenda nyumbani kwa mikongojo. Kila akija kliniki hupitia wodini, huuliza kama shuka linafuliwa, huondoka.

Kwa mjane wa fundi mwashi Povu alikwenda na muuguzi mkuu, kwa kuwa ripoti ilitaka familia zielezwe. Mama yule alisikiliza, akalia, akawaomba waondoke. Hawakumlaumu. Mama huyo hajafika tena hospitalini, na Povu hajawahi kumsahau.

Wodi ilikaa miezi saba bila mgonjwa mpya wa mdudu yule. Mwezi wa nane akapatikana mmoja, aliyefika naye kutoka nje, akagunduliwa siku ya kwanza kwa pamba ya pua, akatengwa. Dada wa maabara akapita tena na sanduku lake. Povu alikuwa wa kwanza kwenye foleni, pua juu.

Zamani aliwamaliza kumi na wawili kabla ya saa tano. Sasa akijitahidi ni sita, na mikono imemkauka kwa dawa mpaka ngozi inapasuka, mkewe humpaka mafuta jioni. Wagonjwa wapya hunung'unika kwamba anachelewa. Yeye huvuta kiti, huketi, na kabla hajafungua wembe humwambia kila mmoja jambo lililotokea wodini humu, na kwamba lilipita mikononi mwake. Muuguzi mkuu alimwambia hana lazima ya kufanya hivyo. Alijibu anajua. Wengine wakisikia hukataa, na yeye husema ni haki yao, hunyanyua kiti chake akaenda kitanda kinachofuata. Wengine huitazama mikono yake iliyopasuka, kisha wakainua kidevu.